Mshiriki wa Kumi na Moja

Nakala mia mbili za jarida zilifika Kilwa Masoko Jumatatu alasiri kwa basi la kutoka Dar es Salaam, ndani ya maboksi manne, na boksi moja lilikuwa limekaliwa na abiria tangu Somanga. Restuta Likwata, mkufunzi wa saikolojia ya elimu katika Chuo cha Ualimu Pwani Njema, alizipokea stendi, akazipakia kwenye bajaji, akaja kuzifungua kwa mkasi wa ofisini. Nakala za boksi lililokaliwa zilikuwa zimepinda. Alizipanga chini ya zile nzima ili zijinyooshe. Jaladani palikuwa na picha ya vijana watatu wanaoichekea simu, picha iliyotolewa mtandaoni, na pale chuoni hakuna aliyewajua vijana wale wala nchi yao. Juu ya vichwa vyao paliandikwa: Jarida la Vijana, Vyombo vya Habari na Ujifunzaji, Juzuu ya Kwanza, Toleo la Kwanza.

Uzinduzi ulifanyika kesho yake kwenye ukumbi wa chuo. Palikuwa na meza ya kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa kwa walioketi mbele na kiu kwa walioketi nyuma. Mgeni rasmi alitoka mkoani. Alisema amefurahi sana kuona vijana wanafanyiwa utafiti, akaomba wafanyiwe zaidi, kisha akakata utepe saa nne na dakika ishirini asubuhi. Watu walipiga makofi. Dakta Valentini Chilumba, mkuu wa chuo na mhariri mkuu wa jarida, alipiga picha na mgeni, halafu akaomba irudiwe kwa kuwa kwenye ile ya kwanza alifumba macho.

Saa nne na dakika ishirini na moja, kijijini Kinjumbi, mama mmoja aitwaye Mwanahija alikuwa uani anakuna nazi. Alitaka kumwita bintiye amletee kifumbu cha kuchujia tui. Alifungua mdomo, na jina halikuwepo. Si kwamba alilisahau. Alijua mahali lilipokuwa likikaa, kama mtu anavyojua jino lake lilipong'oka. Alingoja kidogo, likagoma kuja, na nazi ilikuwa inamsubiri.

"We Mshiriki wa Kumi na Moja," aliita, "hebu niletee kifumbu."

"Naam mama, nakuja," akajibu binti, akakileta.

Ndivyo ilivyoanza, na anayeisimulia habari hii naye hana namna nyingine ya kumtaja binti huyo. Amejaribu.

Mambo haya yalikuwa yamepandwa mapema, mwezi wa Januari, Restuta alipokwenda Kinjumbi kukusanya data. Alikaa siku kumi na moja nyumbani kwa Mwanahija, kwa sababu kijiji hakina nyumba ya wageni, na kwa sababu Mwanahija alisema mgeni hawezi kulala kwenye ofisi ya kijiji na yeye yuko hai. Restuta alikwenda kuhesabu vijana wangapi wana simu na wanatazama nini. Alikuta jambo ambalo hakulitegemea. Vijana kumi na wanane, wengi wao wamemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani, walikuwa wanasoma kwa zamu. Kila wiki mmoja wao alinunua bando, akaenda kusimama kwenye ukuta wa zahanati ambako mtandao unashika, akatazama somo. Wiki moja ilikuwa jinsi ya kufungua mashine ya boti, wiki nyingine jinsi ya kukata shingo ya gauni, wiki nyingine milinganyo. Baada ya sala ya alasiri alirudi kwa wenzake mkekani akawasimulia. Simu aliiacha nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na aliyeitunga ni Mshiriki wa Kumi na Moja, wakati huo akiwa bado na jina lake, msichana wa miaka kumi na tisa anayesema taratibu na kumkatiza yeyote anayesema ovyo.

"Simu ikiwepo hapa, tutaitazama simu, mtu hatutamsikiliza," alimweleza Restuta. "Aliyeona atusimulie kwa mdomo wake. Tunamuuliza maswali matatu. Akishindwa hata moja, hajaelewa huyo. Arudi ukutani, na bando ajinunulie."

"Nani aliwafundisha hivi?"

"Bibi. Sisi tukitoka madrasa au shule lazima tumsimulie tulichosoma. Kusoma alikuwa hajui, lakini atakuuliza mpaka ukome."

Bibi huyo, mama yake Mwanahija, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Binti alikuwa amepewa jina lake, ndiyo maana walipokuwa wote hai waliitana somo, na nyumba nzima ilizoea kusikia somo akimgombeza somo.

Restuta alijaza madaftari mawili. Kwa miaka tisa ya kufundisha walimu alikuwa hajasikia kitu kipya kuhusu kufundisha, na sasa alikuwa anakisikia akiwa amekaa kwenye jamvi, anakula muhogo wa nazi, kutoka kwa mtu ambaye chuo kilikuwa hakijampokea. Alifurahi kwelikweli. Hilo lisemwe kwa haki yake, maana mengine yatakayofuata hayampambi.

Siku ya mwisho alitoa fomu za ridhaa. Fomu zile alizitunga Dakta Chilumba. Alikuwa amechukua fomu ya chuo kingine iliyosema jina la mshiriki halitatajwa katika ripoti, akaona ni legelege, na kwa kuwa kamati ya maadili hupenda lugha iliyokaza, akaikaza. Yake ilisema: "Jina lako halitatajwa popote, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, kuanzia siku matokeo ya utafiti huu yatakapozinduliwa." Vijana walisaini wote kumi na wanane kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, mbele ya Mzee Huseni, mwenyekiti wa kitongoji.

"Haya mwalimu, karatasi tumeshasaini," alisema Mzee Huseni. "Sasa tuisomee Fatiha ipate kushika."

Kinjumbi jambo lililoandikwa tu huhesabiwa kuwa bado linajadiliwa. Mpaka wa shamba, posa, mkutano wa maji, vyote huandikwa na kisha husomewa. Restuta ni Mkatoliki, wazazi wake walishuka kutoka uwanda wa Makonde kuja kufanya biashara Lindi, lakini alijua adabu za ugenini. Naye alikunjua viganja. Mzee Huseni alisoma, akaomba Mwenyezi Mungu aitie nguvu ahadi iliyomo katika karatasi, neno kwa neno kama ilivyoandikwa. Wote wakaitikia amin, na Restuta, asije akaonekana hana moyo, aliitikia kwa sauti kuliko wenzake.

Aliporudi chuoni aliandika makala. Dakta Chilumba aliisoma, akaisifu, akaongeza aya mbili mwanzoni na jina lake juu ya jina la Restuta, kwa kuwa jina la mkuu hutangulia. Utaratibu wa zamu nao ulihitaji jina, maana jambo lisilo na jina halinukuliwi. Ukaitwa Modeli ya Chilumba. Kwenye rasimu Restuta alikuwa ameandika kwamba aliyeibuni ni msichana fulani wa Kinjumbi, aliyejifunza kwa bibi yake, akawataja. Dakta Chilumba alifuta kwa penseli, kwa upole, akaandika pembeni: "Maadili." Msichana akawa Mshiriki wa 11. Bibi hakupewa namba, kwa sababu hakusaini fomu.

Basi baada ya utepe kukatwa, Kinjumbi ilizoea. Watu wa pale wana kazi nyingi na hawana nafasi ya kukaa wakishangaa. Kwenye simu za jamaa zao majina kumi na manane yalikuwa nafasi tupu zenye namba za simu. Vyeti vya shule vilikuwa na alama zote na mstari mtupu juu. Timu ya mpira ilipata shida kidogo kwa sababu Mshiriki wa Nne alikuwa akivaa jezi ya tisa, na Mshiriki wa Tisa akawa anapewa pasi zisizokuwa zake, mpaka wakabadilishana jezi. Mshiriki wa Sita aliolewa Juni. Sheikh alifikiri kwa muda, akasema ndoa inataka bibi harusi ajulikane bila shaka, na huyu anajulikana, akamuashiria alipoketi na ndoa ikafungwa. Pilau ilitosha watu wote.

Na kwa desturi ya pale mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe. Mwanahija akawa Mama Kumi na Moja. Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma alikikuta Ijumaa ya kwanza baada ya uzinduzi, alipokwenda kuzuru kaburi la mama yake. Kibao alikipaka rangi mjukuu mmoja fundi, kwa herufi kubwa nyeusi. Sasa kilisema "Marehemu", kisha mbao tupu, kisha tarehe. Alijaribu kumwombea kwa jina na ulimi haukulibeba. Alikaa pale mpaka jua likawa kali, akalia, akang'oa magugu, akarudi nyumbani.

Restuta alipigiwa simu na Mzee Huseni. Alikwenda Jumamosi, kwa basi mpaka njia panda na bodaboda kuingia ndani, na begani ana mkoba wenye nakala mbili za jarida alizotaka kuwapa vijana. Mshiriki wa Kumi na Moja alisoma makala yote amesimama mlangoni.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Maswali matatu yapo. Ya bibi hayapo."

"Niliyaandika. Yaliondolewa."

"Na huyu Chilumba ni nani? Alikuja lini huku?"

"Hajafika."

Binti alikunja jarida, akamrudishia kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu mzima kitu chake.

Mwanahija alimkaribisha Restuta kwa chai na vitumbua kama kwamba hakuna kilichotokea. Alimwita mwanangu. Kisha alisema alilokuwa nalo, na alilisema lote. "Jina la mwanangu tutalitafuta polepole, yeye yuko hai, nikimwita kwa namba anaitika. Mama yangu hana namba. Shaaban tunasoma hitima ya wazee wetu, kila mmoja anatajwa. Nitasema nini mimi? Nitasema tunamwombea nani?"

"Lakini fomu haikumhusu marehemu," Restuta alisema.

Mzee Huseni, aliyekuwa ameketi kizingitini, ndiye aliyejibu. "Jina ni moja, mwalimu. Wapo wasichana wengine hapa kijijini wana jina kama hilo na hawajaguswa. La huyu ni la kurithi. Lilitoka kwa bibi likaja kwake, ni lilelile. Tukilifunga huku limefungwa na kule." Akaeleza njia za kulifungua, akazieleza kama mtu anayeelekeza barabara. "Ama karatasi irudi hapa tuichane pamoja, tusome. Ama kitabu chenu kimtaje, naye bibi atajwe. Moja katika hayo."

Restuta aliahidi kwamba moja litafanyika kabla ya Shaaban. Hawakuisomea ahadi hiyo, aliomba wasiisomee.

Jumatatu alikwenda kuzitafuta fomu. Zilikuwa ofisini kwa mkuu, kwenye kabati la chuma la kijivu karibu na dirisha, droo ya pili. Saa moja na nusu asubuhi, Dakta Chilumba akiwa bado anafuta meza, kabati likaanza kuita majina. Liliita taratibu, kwa sauti ya mwalimu wa zamu asiyependa mchezo, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina likanyamaza kidogo kungoja jibu. Restuta aliyasikia yote kumi na manane. Aliyajua yote. Alipojaribu kulitamka la kumi na moja, lilimtoka kama maji kwenye vidole.

"Linafanya hivyo kila asubuhi tangu uzinduzi," alisema Dakta Chilumba. "Nimeagiza grisi."

"Dakta, ni majina ya Kinjumbi. Wanayaomba."

"Nani anayaomba?"

"Wenyewe."

"Mwalimu Likwata, wewe unajua. Data za utafiti hufungiwa miaka mitano, kisha huchomwa moto. Kamati ikija ikikuta nimegawa fomu nitasema nini?"

"Utasema washiriki wenyewe wameomba watajwe."

"Kwa fomu ipi?"

Fomu ya kuomba kutajwa haikuwepo. Dakta Chilumba, ambaye hakuwa mtu mbaya na alipenda kusaidia, aliitunga mchana uleule. Kifungu cha kwanza kilidai jina kamili la mwombaji.

Ikabaki njia ya pili. Restuta aliandika masahihisho ya kurasa tatu, akieleza kwamba modeli ni ya msichana na asili yake ni bibi, na mahali pa majina akaacha nafasi ya kujazwa kutoka droo ya pili pindi itakapofunguliwa. Dakta Chilumba alisema sawa, lakini jarida la kitaaluma halichapishi kitu bila wapitiaji wawili wasiojulikana. Masahihisho yakapelekwa kwa wapitiaji.

Wakati huo Mshiriki wa Kumi na Moja alipata nafasi ya kujiunga na chuo kilekile. Aliripoti Septemba, na godoro, ndoo na jembe kama barua ilivyodai. Kwenye dirisha la masijala alikuwepo Stefania, karani wa miaka mingi, aliyeshika kalamu akaanza kumjazia. Kalamu iliandika tarehe ya kuzaliwa, kijiji, dini, na ilipopelekwa juu kwenye jina ikakauka. Stefania aliipiga piga mezani, akaijaribu kwenye kiganja, ikaandika.

"Wewe ni wa ule utafiti?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwenzio mmoja naye alikuja juzi. Usijali." Aligeukia kompyuta. Mfumo ulitaka majina matatu na hukataa mawili. Stefania aliandika Mshiriki, akaandika Kumi-na-Moja, akafikiri, akamalizia Kinjumbi. Mfumo ulikubali, ukatoa kitambulisho chenye picha. "Haya, umeshakuwa mwanachuo. Bweni la tatu."

Madarasani alifanya vizuri. Wakufunzi walimwita Kinjumbi, wenzake walimwita Moja-Moja, na kila alipoitwa aliitika. Aliposikia kwamba utaratibu wao unafundishwa mwaka huohuo wa kwanza, kwenye mada ya nadharia za ujifunzaji, alikaa safu ya mbele. Restuta ndiye aliyefundisha mada hiyo. Aliandika ubaoni "Modeli ya Chilumba", akageuka, akamuona, na kwa dakika moja nzima alipangusa mikono chaki isiyokuwepo. Kisha akafundisha. Msichana aliandika kila kitu, na mwisho wa kipindi aliuliza maswali matatu. Restuta alijibu mawili.

Majibu ya wapitiaji yalikuja Desemba. Mpitiaji wa kwanza aliisifu kazi, akashauri koma ziongezwe. Mpitiaji wa pili alisema dai kwamba modeli ilibuniwa na mshiriki halina rejea. Mwandishi aoneshe kazi iliyochapishwa ya mshiriki huyo. Kuhusu bibi alisema kwamba mtu asiyejua kusoma wala kuandika hawezi kuwa chanzo cha kitaaluma, na kwamba hata hivyo haelewi kwa nini mahali pa jina pameachwa wazi. Alipendekeza yakataliwe. Yalikataliwa. Wiki ileile Restuta alipata barua ya kupandishwa kuwa mkufunzi mwandamizi, na sababu iliyotajwa ni makala.

Ufunguo wa kabati hutundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda. Chuo kizima kinajua. Siku moja ya Januari, Dakta Chilumba akiwa mkutanoni Lindi, Restuta aliingia kupeleka nakala ya barua yake ya cheo iliyosainiwa. Aliinua kalenda, akautoa ufunguo. Ulikuwa mdogo, na umefungwa uzi mwekundu. Alikwenda mpaka mbele ya kabati. Alifikiria gari la asubuhi, baraza ya ofisi ya kijiji, karatasi ikichanika. Alifikiria pia kamati, na mdogo wake aliye chuo kikuu, na miaka tisa aliyokaa cheo kimoja. Barua ilikuwa mkono wake wa kushoto na ufunguo mkono wa kulia. Aliona haya, haya kubwa iliyompanda mpaka masikioni. Akaurudisha ufunguo, akaiweka barua mezani, akashusha kalenda na kuinyoosha.

Mwezi wa Shaaban uliingia. Alhamisi moja, saa moja asubuhi, Mwanahija alishuka kwenye pikipiki getini, nyuma yake pikipiki ya pili ina Mzee Huseni, na ya tatu wanawake wawili wa ukoo wenye birika la kahawa na sahani ya haluwa iliyofunikwa. Binti ndiye aliyewaambia. Tangu Septemba, kila akifagia ukumbini, nje ya ofisi ya mkuu, kwa zamu ya usafi, alikuwa anausikia mlango wa mkuu ukiwaita wote kumi na wanane.

Walitandika mkeka nje ya mlango ule. Stefania alitoka na kitabu cha wageni, kwa kuwa wageni wote hujiandikisha. Mahali pa jina Mwanahija alisema aandikiwe Mama Kumi na Moja. Mahali pa sababu ya kuja alisema hitima. Stefania aliandika, akavua viatu, akaketi mwisho wa mkeka.

Dakta Chilumba alifika saa moja na dakika ishirini na tano.

"Shikamoo mzee," alimwambia Mzee Huseni.

"Marahaba, mwanangu. Tunakuchelewesha kidogo tu."

"Mna shida gani wazee wangu?"

"Hatuna shida. Tunaomba tu usiwashe feni."

Alipita pembeni ya mkeka, akaingia, na feni hakuiwasha. Mlango aliuacha wazi kidogo. Hilo nalo lisemwe kwa haki yake.

Mzee Huseni alianza kusoma. Saa moja na nusu kabati likaanza mahudhurio yake, la kwanza, la pili, la tatu, kwa ile sauti ya mwalimu wa zamu, na msomaji hakukatiza, alishusha sauti tu. Restuta alikuwa amesimama ofisini kwake, mlango wa pili, mkono kwenye kitasa. La kumi na moja lilipotajwa, Mwanahija aliinamisha kichwa na machozi yakamtoka. "Amin," alisema. Kabati lilingoja jibu kama kawaida yake, na kwa kuwa hakuna aliyejibu kitu kingine, likaendelea na la kumi na mbili. Baadaye walikunywa kahawa. Kipande cha haluwa kilipelekwa kwa Dakta, kingine kwa Restuta. Wageni walikunja mkeka, wakajiandikisha kutoka saa mbili na robo. Mwanahija alimwambia Stefania kwamba wataonana Shaaban ijayo, akizidishiwa umri.

"Karatasi zinachomwa mwaka wa tano," Stefania alimkumbusha.

"Basi tunayo minne," alisema Mwanahija.

Mtihani wa mwaka wa kwanza ulifanyika Mei, jarida lilipokuwa linatimiza mwaka na toleo la pili liko njiani. Kwenye mtihani wote huandika namba badala ya jina, kwa hiyo wiki hiyo Mshiriki wa Kumi na Moja hakuwa tofauti na wenzake. Swali la nne lilisema: "Fafanua Modeli ya Chilumba na asili yake. Alama 20."

Restuta alisahihisha asubuhi mapema, ofisini kwake, na kalamu nyekundu na mwongozo wa kusahihisha uliosainiwa na mkuu. Alilijua jibu lile kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Lilikuwa bora kuliko makala. Lilieleza kwa nini maswali yawe matatu na si mawili, kwa nini msimuliaji akae chini sawa na wenzake, na kwa nini anayeshindwa asichekwe, mambo ambayo Restuta kwa siku zake kumi na moja hakuwa ameyauliza. Kuhusu asili mwanafunzi aliandika: "Hii haikuanza kwenye simu. Ilianza Kinjumbi kwa mwanamke asiyejua kusoma, aliyetaka kujua kila tulichosoma. Mwanamke huyo aliitwa". Hapo palikuwa na nafasi tupu, upana wa neno moja, kisha nukta.

Mwongozo ulisema jibu lisilotaja chanzo kilichochapishwa likatwe alama tano.

Restuta alikaa na karatasi ile mpaka chai yake ikapoa. Halafu pembeni ya nafasi tupu aliandika, kwa mwandiko wake mzuri: "Chanzo?" Alikata tano, akaandika kumi na tano juu ya ishirini, akazungushia duara.

Upande wa pili wa ukuta ikawa saa moja na nusu, na kabati likaanza kuita. Lilipofika la kumi na moja likanyamaza kungoja. Ukumbini, ambako wanachuo wa zamu walikuwa wanafagia, ufagio mmoja ulisimama.

"Nipo," alisema msichana.

Kabati likaita la kumi na mbili, na Restuta akachukua karatasi iliyofuata.